Riba ikipanda Kampala, kazi hupotelea wapi?

Benki Kuu ya Uganda ikitangaza riba yake, mazungumzo ya siku mbili tatu zinazofuata huwa yaleyale: mikopo itapanda au itashuka, shilingi itasimama wapi mbele ya dola, hati za mikopo ya Serikali zitalipa kiasi gani. Ajira hutajwa mwishoni, kwa sentensi moja, kana kwamba yenyewe itafuata tu. Nadhani hapo ndipo nusu ya habari inapotupita. Namna watu wanavyoajiriwa, wanavyolipwa na wanavyoachishwa kazi ndiyo inayoamua riba hiyo itamuumiza nani, kwa muda gani, na itatuliza bei kwa kiasi gani. Nchi mbili zinaweza kupandisha riba kwa kiwango kilekile, moja ikapata foleni ya wasio na kazi, nyingine isione foleni yoyote lakini mifuko ya watu wake ikawa miepesi zaidi. Uganda kwa sehemu kubwa ni hiyo ya pili. Kwa tabaka dogo la wenye mikataba ya ajira, ni ile ya kwanza.

Mtambo wenyewe unafanya kazi hivi. Tangu Julai 2011 Benki Kuu huongoza sera yake ya fedha kwa riba moja inayotangazwa hadharani, na shabaha yake ni mfumuko wa bei wa msingi, yaani usiohesabu mazao ya chakula wala nishati, wa asilimia 5 kwa kipindi cha kati. Riba hiyo huongoza bei ya mikopo ya siku saba baina ya benki zenyewe. Benki ikikwama na kwenda kukopa Benki Kuu, hulipa pointi 3 au 4 za asilimia juu yake, kutegemea dirisha inalotumia. Kutoka hapo riba hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mteja, na ngazi ya mwisho ndiyo nzito. Riba ya Benki Kuu ilipofika asilimia 6.5 mnamo Juni 2021, mkopaji wa kawaida wa shilingi aliendelea kulipa zaidi ya asilimia 15. Kupanda huwa kwepesi kuliko kushuka.

Mara moja nchi hii iliona mtambo huo ukizungushwa kwa nguvu zote. Riba ilianza na asilimia 13 Julai 2011, na kufikia Novemba ilikuwa asilimia 23, kwa sababu mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 30 mwezi Oktoba. Januari 2012 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga riba za mikopo. Mzunguko wa 2022 ulikuwa mpole zaidi: kutoka asilimia 6.5 hadi asilimia 10 kati ya Juni na Oktoba, mfumuko wa bei ukifika asilimia 10.7 mwezi huo wa Oktoba kabla ya kuanza kushuka.

Sasa twende kwenye ajira. Nadharia inayofaa hapa ni ile iliyowapa Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010. Kiini chake ni kwamba mwajiri na mfanyakazi hawakutani bure. Kutafuta kuna gharama, kufundisha kuna gharama, na aliyeajiriwa leo anaweza kuondoka baada ya miezi sita. Kwa hiyo kumchukua mtu mpya ni uwekezaji, sawa na kununua mashine. Mwajiri hulinganisha anachotumia leo na faida atakayoipata mwezi hadi mwezi, mpaka siku watakapoachana.

Chukua karakana ya kuchomelea vyuma pale Katwe, mtaa wa Kampala, inayotengeneza mageti na fremu za madirisha. Hesabu hii ni ya mfano, namba nimezipanga mwenyewe ili utaratibu uonekane. Fundi mpya huleta kazi ya thamani ya shilingi 620,000 kwa mwezi baada ya kutoa vifaa, na gharama yake yote, mshahara pamoja na mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 500,000. Ziada ni 120,000. Kumpata na kumzoesha kunagharimu 1,500,000: vijiti vya kuchomelea vinavyoharibika, vyuma vinavyokatwa vibaya, na saa za fundi mkuu anayesimama kumwelekeza badala ya kufanya kazi yake. Kila mwezi kuna uwezekano wa asilimia 4 kwamba mtu huyo ataondoka. Mkopo wa karakana ni wa asilimia 19 kwa mwaka, yaani kama 1.58 kwa mwezi. Thamani ya kumchukua ni ziada kugawa kwa jumla ya viwango hivyo viwili: 120,000 kugawa kwa 0.0558, inakuja kama milioni 2.15. Inazidi milioni 1.5, basi fundi anachukuliwa.

Pandisha riba ya mkopo hadi asilimia 25. Hiyo ni 2.08 kwa mwezi, na thamani inashuka hadi kama milioni 1.97. Bado inalipa kumchukua. Watu wengi hushangaa hapa, maana wanatarajia riba yenyewe ndiyo ivunje ajira. Haivunji, kwa sababu uwezekano wa mtu kuondoka ni mkubwa kuliko riba ya mwezi. Mwajiri tayari haangalii mbali.

Kinachovunja ni wateja. Riba ikipanda, wanaojenga nyumba kwa mkopo husimamisha ujenzi, oda za mageti hupungua. Tuseme thamani ya kazi ya fundi inashuka kwa asilimia 8, kutoka 620,000 hadi 570,400. Kama gharama yake imebaki 500,000, ziada ni 70,400 tu, na thamani ya kumchukua inaanguka hadi kama milioni 1.16. Hailipi. Mlango umefungwa. Lakini kama na malipo yake yangeshuka kwa asilimia 8 hiyohiyo, hadi 460,000, ziada ingekuwa 110,400 na thamani kama milioni 1.82. Mlango ungebaki wazi. Mauzo yameshuka kwa asilimia 8 tu, lakini ziada ya mwajiri imeshuka kwa zaidi ya asilimia 40, kwa sababu mshahara haukusogea.

Hilo ndilo lililozusha mjadala mkubwa mwaka 2005, mchumi Robert Shimer alipoonyesha kwamba nadharia hiyo ikichukulia mishahara inayopatanwa upya kila wakati, haiwezi kueleza ukubwa wa mabadiliko ya ajira ya Marekani. Mwaka huohuo mchumi mwenzake Robert Hall akapendekeza kwamba ugumu wa mshahara ndio unaokosekana. Pissarides baadaye akaongeza jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee: mshahara unaohusika na uamuzi wa kuajiri ni wa yule anayeingia, siyo wa yule aliyekwisha kuwa ndani.

Tazama linavyogawanya soko letu. Kwenye karakana ya Katwe, malipo ya anayeingia ni laini mno. Kazi ikipungua, kijana mpya hupokelewa kama mwanagenzi, anapewa chakula cha mchana na nauli, mshahara utazungumzwa baadaye. Ajira haipungui kwa hesabu ya vichwa. Kinachopungua ni hela. Kwenye kiwanda cha Namanve, eneo la viwanda nje kidogo ya Kampala, benki au kampuni ya bima, ngazi za mishahara zimeandikwa, na anayeingia hulipwa sawa na aliyeingia mwaka jana. Kampuni haiwezi kumwambia mhasibu mpya kwamba mwaka huu ngazi yake ni pungufu kwa asilimia 8 bila kuzua manung'uniko kwa wote. Basi haimchukui kabisa. Riba moja, mji mmoja, matokeo mawili tofauti.

Sheria nayo ina mkono wake, ingawa mara nyingi hulaumiwa mahali pasipostahili. Kima cha chini cha mshahara hakiwezi kuwa sababu: kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais. Sakafu halisi ya mshahara wa kibarua ni nauli ya taksi kwenda na kurudi pamoja na sahani ya chakula. Ukishuka chini ya hapo mtu habaki kazini, anabaki nyumbani. Vizuizi vyenye nguvu viko kwenye kuachana. Sheria ya Ajira ya 2006 inataka notisi ya mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi kati ya mwaka mmoja na mitano, miezi miwili kwa aliyefika miaka mitano hadi kumi, na mitatu kwa aliyepita hapo. Ukipunguza watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu, lazima umwarifu Kamishna wa Kazi na kueleza sababu. Na kanuni za 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi.

Mimi naunga mkono ulinzi huo. Ila ni lazima kueleza unavyoingiliana na riba. Mwajiri asiyejua riba itakuwa wapi mwaka ujao huogopa kujifunga, na njia rahisi ni kuzungusha vibarua: mwezi wa tatu na nusu mtu anaambiwa apumzike, anakuja mwingine. Jinsi riba inavyoyumba zaidi, ndivyo mzunguko huo unavyoshika kasi. Kile kiwango cha asilimia 4 cha watu kuondoka katika hesabu yetu kinakuwa 15 au 20, na hapo kumfundisha mtu hakulipi kwa riba yoyote ile. Karakana na viwanda vyetu vingi vimekwama hapo hata riba inapokuwa chini.

Kuna tabaka la tatu, kubwa kuliko yote mawili: waliojiajiri. Mwendesha boda boda hawezi kuachishwa kazi. Mama anayeuza matunda soko la Nakawa hana wa kumpa notisi. Riba ikipanda, hawa hupigwa kwa njia mbili kwa pamoja. Wateja wao wamepungukiwa, na wakati huohuo wale waliokosa nafasi kwenye tabaka lenye mikataba huja kuongeza idadi kwenye stendi na kwenye meza za soko. Safari ni zilezile au pungufu, waendeshaji ni wengi zaidi, kipato cha kila mmoja kinashuka. Pikipiki yenyewe mara nyingi iko kwenye mkopo wa kulipa kila wiki, na malipo ya wiki hayapungui kwa sababu abiria wamepungua. Basi anaongeza saa. Kwa takwimu, huyu ana kazi, tena saa nyingi kuliko zamani.

Ndiyo maana kiwango cha ukosefu wa ajira ni kipimo dhaifu sana cha athari za sera ya fedha hapa. Utafiti wa nguvukazi wa UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, wa 2021 ulikiweka kwenye asilimia 12. Lakini aliyefanya kazi ya malipo saa moja tu katika wiki huhesabiwa ana kazi. Na aliyerudi kijijini Iganga kulima mahindi ya kula na familia yake, kama hatafuti kazi, hahesabiwi mwenye kazi wala asiye na kazi. Ametoka kwenye hesabu. Mtu anaweza kupoteza kazi Jinja kwa sababu ya riba na kiwango cha ukosefu wa ajira kisisogee hata kidogo.

Linganisha na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 riba ya huko ilipandishwa hadi karibu asilimia 20, na ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 wakapandisha tena, kutoka karibu sifuri hadi kati ya 5.25 na 5.5, lakini safari hii ukosefu wa ajira ulibaki chini ya asilimia 4 karibu muda wote. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kulikuwa na nafasi nyingi mno zilizotangazwa bila kujazwa, milioni 12 hivi mapema 2022, na waajiri walianza kwa kufuta matangazo badala ya kufukuza watu. Nafasi zile zilikuwa mto wa kuangukia. Hapa kwetu nafasi nyingi hazitangazwi, hupitia kwa shemeji, kwa jirani, kwa mtu wa kanisani au msikitini, kwa hiyo hata kama mto huo upo hakuna anayejua unene wake.

Na bei je? Kwa nadharia ya vitabuni, riba hushusha bei kwa kulegeza soko la ajira: watu hawana nguvu ya kudai nyongeza, gharama za waajiri zinatulia, bei zinatulia. Uganda njia hiyo ni nyembamba. Vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu ya kupatana mishahara ni vichache, na mishahara iliyofungwa na mfumuko wa bei kwa mkataba ni nadra. Njia inayofanya kazi haraka ni ya shilingi: riba ikipanda, hati za Serikali huvutia fedha za nje, shilingi inapata nguvu, mafuta na bidhaa za kuagiza zinapungua makali. Vyakula hufuata mvua.

Kutokana na hilo natoa hitimisho ambalo si wote watalikubali: hatari ya mishahara na bei kufukuzana ni ndogo hapa kuliko inavyoogopwa, na haifai kuwa sababu ya kuongeza pointi ya ziada ya riba. Mishahara ya kuangalia ni ya Serikali, na hiyo haipangwi na soko. Hupangwa kwenye bajeti, mwaka wa fedha ukianza Julai. Mwaka wa fedha 2022/23 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wakati walimu wa sanaa walikuwa wamegoma mwezi Juni wakidai usawa. Riba ya Benki Kuu, ipande au ishuke, haikuwa na la kusema katika uamuzi ule.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni ya kurudi. Riba ikishuka, tunadhani ajira iliyopotea itarudi kwa njia ileile iliyoondokea. Hairudi hivyo. Uhusiano wa mwajiri na mfanyakazi uliovunjika una vitu ndani yake: mwajiri alijua huyu ni mwaminifu na pesa, mfanyakazi alijua mashine hii inakwama wapi. Hivyo havihifadhiwi popote. Tuliliona wakati wa Korona, ingawa chanzo hakikuwa riba. Shule zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Walimu wengi wa shule binafsi waliingia kwenye biashara ndogondogo na boda boda, na wapo ambao hawakurudi darasani. Riba ya Benki Kuu wakati huo ilikuwa ya chini kuliko wakati wowote tangu mfumo huu uanze. Fedha nafuu haiunganishi tena watu waliokwisha kutawanyika.

Nini kinaharakisha kurudi? Kuna ushahidi wa hapahapa. Watafiti Livia Alfonsi, Oriana Bandiera na wenzao walichapisha mwaka 2020 jaribio lililofuatilia vijana wapatao 1,700 na biashara ndogo zipatazo 1,500 nchini Uganda kwa miaka minne. Baadhi walipewa mafunzo ya chuo cha ufundi, wengine walifundishwa ndani ya biashara kwa ruzuku. Wote walinufaika. Lakini ajira iliongezeka kwa asilimia 21 kwa waliopita chuoni dhidi ya 14 kwa waliofundishwa kazini, na mapato kwa 34 dhidi ya 20. Tofauti kubwa iko kwenye kinachotokea baada ya kupoteza kazi. Ujuzi wa chuoni una cheti ambacho mwajiri mwingine anakisoma na kukiamini. Ujuzi wa karakana moja unajulikana kwa mwenye karakana hiyo tu. Aliye na cheti hurudi kazini upesi. Kwa hiyo chuo cha ufundi chenye mtihani unaoaminika ni sehemu ya sera ya fedha, hata kama hakuna anayekiita hivyo: kinafupisha maumivu ya kila pointi ya riba.

Kwa mwenye biashara anayesoma hapa, hesabu ya kwanza kufanya riba ikitangazwa ni kuangalia kama mkopo wako una riba inayoelea au iliyofungwa. Imeandikwa kwenye barua ya ofa, na benki inatakiwa kukuarifu kabla ya kubadilisha. Kwa mkopo wa milioni 40 ambao salio lake halijapungua, pointi 3 ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi. Kama kibarua wako analipwa 20,000 kwa siku, hiyo ni siku tano za kazi. Wengi hukata mtu mzima mahali ambapo pengo ni la siku tano. Ukikaa na watu wako na kukubaliana kwa maandishi kupunguza siku kwa kila mmoja kwa muda maalumu, unahifadhi ile milioni 1.5 ya kufundisha upya. Usipunguze mshahara bila maandishi. Ukifanya hivyo unavunja mkataba, na kesi itakugharimu kuliko riba. Usiache kupeleka michango ya NSSF ili kujaza pengo, maana tangu marekebisho ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anadaiwa, na adhabu huongezeka kila mwezi.

Kwa wanaopanga riba, ombi langu ni la vipimo. Takwimu za nguvukazi hutoka kwa nadra. Riba huamuliwa mara kadhaa kwa mwaka. Katikati kuna vitu vinavyoweza kusomwa kila mwezi: idadi ya wanaochangiwa NSSF, makusanyo ya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, na kipengele cha ajira katika utafiti wa kila mwezi unaowauliza mameneja manunuzi wa makampuni hali ya biashara. Vyote vitatu vinaona tabaka la mikataba tu. Kwa waliobaki, UBOS tayari ina watu wanaozunguka kila mwezi kukusanya bei Kampala, Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu, Arua na Fort Portal. Wanauliza bei ya ndizi na ya sabuni. Wangeongeza maswali mawili kwa mtu wa kubeba mizigo sokoni na kwa msaidizi wa mwashi: siku moja unalipwa kiasi gani, na wiki iliyopita umepata siku ngapi. Baada ya miaka miwili Benki Kuu ingeweza kuona, mwezi kwa mwezi, pointi moja ya riba inakata siku ngapi za kazi Gulu na ngapi Kampala.